Walioingia chuo kikuu wa kwanza, na mlango uliofungwa mapema

Familia nyingi za Kivu na Ituri zina mtoto ambaye atakuwa wa kwanza kuingia chuo kikuu, kama ataingia. Baba aliishia shule ya msingi, mama hakupata nafasi ya kusoma, na nyumbani hakuna anayejua chuo kinaomba nini. Hali hiyo si mpya. Miaka 70 iliyopita, karibu Congo nzima ilikuwa hivyo.

Wakati wa Wabelgiji, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Mtoto alijifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na dini, kisha akarudi shambani au akaenda kutafuta kazi. Wachache waliosonga mbele walifundishwa ualimu, ukarani, uuguzi au kazi ya msaidizi wa daktari. Msaidizi huyo aliweza kutibu watu miaka mingi, lakini juu yake daima alikuwepo daktari Mzungu. Wasichana walifundishwa zaidi kushona, kupika na usafi wa nyumba.

Njia ya masomo marefu ilikuwa moja: seminari. Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu karibu na Ziwa Tanganyika, alisoma Kilatini na falsafa hadi akapewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza katika Congo ya Kibelgiji. Baada yake mapadri wengine wengi walifuata. Lakini kijana aliyetaka kuwa mwanasheria, mhandisi au daktari hakuwa na njia kama hiyo.

Mwaka 1952 Thomas Kanza aliondoka kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Mwaka 1956 alipata shahada, Mkongo wa kwanza asiye padri kumaliza chuo kikuu huko. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1954, chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa kwenye mlima wa Kimwenza, karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Jina lake ni Louvain kwa Kilatini, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa Padri Luc Gillon. Mwaka 1956 serikali ya koloni ilifungua chuo kikuu kingine Élisabethville, Lubumbashi ya leo.

Lovanium ilipokea Weusi na Wazungu katika madarasa yale yale, na ilitaka kiwango kilekile cha Ubelgiji. Hapo ugumu ukaonekana wazi. Wakongo waliokuwa wamemaliza sekondari kamili walikuwa wachache mno, maana sekondari za aina hiyo zilianza kufunguliwa kwao baada ya mwaka 1948 tu. Ikabidi chuo kiweke mwaka mzima wa maandalizi kabla ya masomo yenyewe. Vijana wenye akili walikuwepo tele. Walichokosa ni ile miaka ya shule nyuma yao. Mlango wa chuo ulikuwa umefungwa zamani, huko kijijini, kabla mtoto hajasikia kwamba kuna kitu kinaitwa chuo kikuu.

Nchi ililipa bei ya jambo hilo. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Congo ilikuwa na wakaaji zaidi ya milioni 13, lakini wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Mwezi Septemba mwaka huo, Mobutu alipowaweka kando wanasiasa, serikali ilikabidhiwa kwa baraza la makamishna chini ya Justin Bomboko. Wengi wao walikuwa wametoka tu chuoni, na wengine walikuwa bado wanafunzi. Vijana ambao hawajamaliza masomo wakajikuta wanaongoza wizara.

Lakini aliyetangulia huacha njia nyuma yake. Mwaka 1964 Sophie Kanza, dada yake Thomas, alipata shahada Lovanium, mwanamke wa kwanza Mkongo kufika hapo. Mwaka 1966 akawa waziri wa kwanza mwanamke nchini. Katika familia ile, kaka alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba inawezekana.

Leo vyuo viko karibu zaidi. Bukavu na Butembo zina vyuo vikuu vya kikatoliki tangu mwaka 1989, na Goma nayo ina vyake. Hata hivyo somo la mwaka 1954 halijapita. Mtoto aliyekimbia vita na kukosa mwaka wa shule, au ambaye bulletini zake zimeungua pamoja na nyumba, anaweza kuzuiwa kabla hajafika kwenye mtihani wa serikali, na bila diploma ya serikali chuo hakimpokei.

Mzazi ambaye hakusoma hawezi kumfundisha mwanawe hesabu za mwaka wa mwisho wa sekondari. Lakini anaweza kuzifunga bulletini zake vizuri na kuzibeba siku ya kukimbia, kama anavyobeba sufuria na blanketi. Anaweza kumpeleka kwenye shule ya karibu na kambi hata mwaka ukiwa umeanza. Tena anaweza kumtafuta kijana wa mtaa aliyekwisha kuingia chuo, amwulize alipitaje. Thomas na Sophie Kanza walikuwa wa kwanza. Wa pili na wa tatu huhitaji mtu wa kuwauliza.