Saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino

Saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino husababishwa na miale ya jua inayoharibu ngozi yenye upungufu wa melanini. Nchini Tanzania, ambako ualbino hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya takriban 1,400, ugonjwa huu umekatisha maisha ya wengi wakiwa bado vijana, ingawa kwa sehemu kubwa unazuilika.

Dalili

Ngozi huanza kuharibika utotoni. Madoa ya kahawia yanayojitokeza usoni na mabegani si saratani, bali huonyesha kwamba jua limekwisha kuiunguza ngozi. Hatari zaidi ni mabaka yenye magamba magumu, yanayokwaruza kama msasa. Mara nyingi kidole huyagundua kabla ya jicho. Hutokea masikioni, kisogoni, kwenye mdomo wa chini na migongoni mwa mikono. Kofia ya chepeo, ambayo wanafunzi wengi huvaa, huacha wazi masikio na shingo, na huko ndiko vidonda huonekana sana.

Baka likigeuka kinundu kigumu, au kidonda chenye ukingo ulioinuka kinachotoa damu kikiguswa, saratani hushukiwa. Iliyo ya kawaida zaidi ni ile ya seli bapa. Melanoma ni adimu, lakini kwa watu wenye ualbino inaweza kukosa rangi nyeusi na kudhaniwa kuwa chunusi.

Magonjwa yanayofanana nayo

Choa huwa na umbo la duara, huwasha, na hupona kwa dawa ya fangasi baada ya wiki chache. Ukurutu hupenda mikunjo ya viwiko na magoti, isiyopigwa sana na jua.

Matibabu na kinga

Uthibitisho hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipima maabara. Mabaka ya awali hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika na uvimbe hukatwa. Uliokomaa huweza kuhitaji mionzi, itolewayo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wengi, kwa masikitiko, hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Losheni pekee haitoshi: kofia pana na mikono mirefu ni lazima. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kionwe na daktari.