Takhmisi na Mpaka wa Kuiga: Haki ya Mtunzi katika Miswada ya Kiswahili Isiyochapishwa

Katika mijadala ya hakimiliki, kazi ambayo haijatolewa huchukuliwa kama chumba kilichofungwa: anayeingia bila idhini ya mwenyewe na kutoka na kitu ni mwizi. Hoja hiyo inategemea kuwapo kwa siku ya kutolewa, yaani siku kitabu kinapotoka kiwandani. Ushairi wa Kiswahili wa kale haukuijua siku hiyo. Kabla ya karne ya 20, sehemu kubwa ya kazi za washairi wa Pate, Lamu na Mombasa ilikaa katika miswada ya hati za Kiarabu au katika vifua vya watu, na kwa kipimo cha matbaa kazi hizo zilikuwa bado hazijatolewa. Hata hivyo ziliigwa, zikajibiwa na kuongezwa. Makala haya yanadai kwamba jamii ya waandishi wa pwani ilikuwa na kipimo chake cha kutenganisha kuiga kwa heshima na unyang'anyi, na kwamba kipimo hicho kilikuwa ndani ya umbo la utungo wenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni takhmisi. Mtunzi wa takhmisi huchukua beti za mishororo miwili za mtunzi aliyemtangulia, akatanguliza mishororo mitatu ya kwake inayofuata kina cha mshororo wa kwanza kati ya ile miwili, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano. Umbo hilo lilitoka katika ushairi wa Kiarabu likapata makao Lamu na Pate. Mfano mashuhuri ni Takhmisi ya Liyongo, ambapo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayehusishwa pia na Al-Inkishafi, aliongeza mishororo yake juu ya ile inayonasibishwa na Fumo Liyongo. Hakuna aliyehitaji kumwomba Liyongo ruhusa. Alikwisha kuwa shujaa wa masimulizi. Kilichohitajika ni utii. Mishororo ya mtangulizi hukaa mahali pake, mwishoni mwa kila ubeti, haiguswi, na msomaji anayeijua sanaa hiyo anaweza kuinyofoa na kumrudishia mwenyewe hata kama jina lake halikuandikwa. Anayeiga hulazimika kufuata vina vya mwenziwe na kupanda hadi kiwango chake mbele ya macho ya wote. Akishindwa, aibu ni yake. Ni vigumu kupata kifungu cha sheria ya kisasa kinachomlinda mtunzi kwa ukamilifu huo. Tena, takhmisi hiyo ilikuwa miongoni mwa tungo za Kiswahili zilizotangulia kuchapwa Ulaya, katika Swahili Tales ya Edward Steere mwaka 1870. Mishororo ya Liyongo iliingia kitabuni ikiwa imebebwa na mwigaji wake.

Malumbano yalikuwa na kanuni iliyokaribia hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi wakati miji yao ikigombana, na mjibu mara nyingi aliazima bahari, vina au fumbo la mpinzani. Uazimaji huo haukuwa wizi kwa kuwa hadhira ilikuwa imekwisha kulisikia shairi la kwanza. Kusomwa mbele ya watu ndiko kulikokuwa kutolewa.

Mpaka ulianza kufutika pale mshairi, mnakili na mkusanyaji walipokutana katika ukurasa mmoja. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840 bila diwani. Mashairi yake yalibaki midomoni mwa wenyeji wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alipoyakusanya pamoja na mmisionari W. E. Taylor. William Hichens aliyatoa kuwa kitabu huko Johannesburg mwaka 1940, karne moja baada ya mtunzi kuzikwa. Katika safari ndefu namna hiyo, shairi lililotungwa kwa mtindo wa Muyaka lingeweza kuingia diwanini kama la Muyaka, na mshororo uliosahauliwa ungeweza kuzibwa na fundi mwenye sikio zuri. Mwigaji wa aina hiyo huenda hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini kwa kuwa umbo halikumlazimisha kujionyesha, kazi yake haiwezi kunyofolewa, na Muyaka anabebeshwa maneno ambayo pengine hakuyasema. Kumwongezea mtunzi ni dhuluma sawa na kumpunguzia, ingawa ya kwanza huitwa sifa.

Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 unaonyesha upande mwingine. Ni wasia wa mama kwa binti yake, jambo la nyumbani kabisa, na ungeweza kudaiwa kuwa siri. Mtunzi mwenyewe, karibu na mwisho, anawaita wanawake wausome. Idhini imo ndani ya utendi, na walioueneza kwa kunakili hawakuvunja mlango.

Sheria za sasa hazilisaidii sana suala hili. Kenya na Tanzania zote zinalinda kazi ya mwandishi maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo Muyaka na Mwana Kupona hawana mlinzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inaiweka mbele jamii, ilhali Muyaka ni mtu mwenye jina, mji na mahasimu. Mkataba wa Berne, ibara ya 15(4), unaruhusu nchi mwanachama kuteua mamlaka ya kutetea kazi zisizochapishwa za mwandishi asiyejulikana anayedhaniwa kuwa raia wake. Mtunzi anayejulikana lakini hakuwahi kuchapishwa anabaki nje ya kifungu hicho pia. Wakati huohuo miswada iliyochukuliwa London, pamoja na ile aliyoikusanya J. W. T. Allen na kuhifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inazidi kuwafikia wasomaji kwa njia ya picha za kidijiti, na programu za kompyuta tayari zinatunga beti kwa kuiga mitindo ya watu.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki haihitaji kusubiri mkataba mpya ili kuanza. Orodha za miswada katika nchi wanachama zinaweza kutenga nafasi nne kwa kila utungo: aliyetunga, aliyeongeza, aliyenakili na aliyekusanya. Pasipojulikana jina, nafasi iachwe wazi, isijazwe kwa kukisia. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya tungo nyingi, alikuwa mshairi pia. Katika orodha ya nafasi moja, mkono wake na sauti za waliomtangulia husomwa kama kitu kimoja.