Jina Nevaeh lilitoka wapi?

Tangu zamani sisi Wakristu twawapa watoto wetu majina ya watakatifu. Lakini huko Marekani liko jina ambalo hamtalikuta katika kalenda ya watakatifu: Nevaeh. Kwa Kiingereza, mbingu ni heaven. Andikeni herufi zake kuanzia ya mwisho, mtapata Nevaeh.

Mwaka 1999, katika nchi ile nzima, watoto wa kike 8 tu walipewa jina hilo. Mwaka 2000 mwimbaji Mkristu, Sonny Sandoval, alimwonyesha binti yake Nevaeh katika televisheni, akaeleza maana ya jina lake. Wazazi wengi wakalipenda, hata mwaka 2005 watoto 4,457 wakaitwa hivyo.

Wengine wanacheka: mbingu iliyogeuzwa, je, si kinyume cha mbingu? Sisi hatuoni hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 855, yawaagiza wazazi, wasimamizi na paroko wasimpe mtoto jina lisilopatana na fikira za Kikristu. Mzazi aliyechagua Nevaeh aliwaza mbingu. Zilizogeuka ni herufi tu. Lakini jina halimfikishi mtu mbinguni. Bado ni kazi ya wazazi kumfundisha mtoto njia.