Chipu ya Kuandika Tu, Kusoma Hakuna

Wengi wetu tunaijua ROM, memori ya kusomwa tu. Je, umewahi kusikia kinyume chake, yaani WOM, memori ya kuandikwa tu? Unaweka data zako humo, zinapokelewa vizuri kabisa, na hutaziona tena hadi kiama.

Usicheke kwanza. Mnamo 1972 chipu hiyo ilipewa namba, 25120, na karatasi kamili ya maelezo kutoka Signetics, kampuni ya Marekani iliyotuletea 555, ile chipu ya kupima muda ambayo wanafunzi wa elektroniki wanaichezea mpaka leo.

Inasimuliwa kwamba mhandisi mmoja alichoshwa na mlolongo wa wakubwa waliotakiwa kuidhinisha kila karatasi ya maelezo. Alishuku kwamba hawasomi. Basi akaandika yake ya uongo, akaichomeka katikati ya zile za kweli. Ikapita! Wakubwa walishtuka pale wateja walipoanza kupiga simu kuuliza bei.

Wala hakuuficha mzaha wake. Grafu moja ilionyesha idadi ya miguu ya chipu inayobaki kadiri unavyoichomeka kwenye soketi. Volteji moja ilitakiwa iwe 0, ikizidi au kupungua kwa asilimia 2. Sasa asilimia 2 ya sifuri ni ngapi? Tena chipu ilidai volti 6.3 za AC, umeme wa kupashia moto vali za redio za zamani!

Kampuni ilichapisha upya kitabu chake na kuomba nakala zenye kosa zirudishwe. Aibu ilipoisha, ikanunua kurasa mbili katika toleo la Aprili la jarida la Electronics na kuitangaza 25120 kama utani wa Siku ya Wajinga.

Kwa maoni yangu, WOM halisi ilikuwa ule mlolongo wa sahihi: karatasi ziliingia, hakuna aliyezisoma. Nasi tuko vivyo hivyo. Niliwahi kuweka skripti ya kutengeneza bakapu ya hifadhidata kila usiku, nikalala usingizi mnono kwa miezi. Siku diski ilipokufa nikafungua mafaili: baiti 0, yote. Sikuwahi kujaribu kuyafungua hata mara moja.

Kwa hivyo kabla hujalala leo, chukua bakapu yako moja uirejeshe. Ikikataa, hongera: unamiliki 25120.