Maharagwe Yasiyo na Chumvi: Neno Zaideko na Bendi ya Clifton Chenier

Kila mwaka tunapofikia mada ya ukopaji wa maneno, huwa tunaandika ubaoni neno divai na kuwauliza wanafunzi wetu limetoka wapi. Wachache hujua kwamba ni Kifaransa, na wachache zaidi hujua kwamba silabi ya kwanza si sehemu ya jina la kinywaji hicho. Wafaransa husema du vin. Sisi tulisikia sauti moja, tukaichukua nzima, kibainishi na nomino pamoja. Waarabu nao walitupa kitab, tukadhani ki- ni kiambishi cha ngeli, tukazaa vitabu. Mwaka huu tunapenda kuongeza mfano wa mbali kidogo, nao una ngoma ndani yake. Neno lenyewe ni zaideko, jina la muziki wa dansi wa watu Weusi wa kusini-magharibi mwa Louisiana, nchini Marekani.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya. Maharagwe kwa Kifaransa ni les haricots. Kanuni za shuleni zinakataza kuunganisha s ya kibainishi na irabu inayofuata katika neno hili. Lakini wakulima wa Louisiana hawakusoma kanuni hizo. Waliunganisha, wakapata sauti inayokaribia “lezariko”. Sauti z ikahamia mwanzoni mwa nomino na kubaki hapo. Ulikuwapo msemo wao kwamba maharagwe hayana chumvi, maana yake hali ni ngumu, hata kipande cha nyama ya chumvi cha kutia chunguni hakipo. Msemo huo ukaingia katika nyimbo, na nyimbo zikaupa muziki jina. (Wapo pia wanaotafuta asili ya neno hili katika lugha za Afrika Magharibi, na hatuwezi kuwapuuza, ingawa maharagwe yanatutosha kwa somo letu.) Tahajia nayo ilihangaika. Katika sahani moja ya santuri ya miaka ya 1940 neno lilichapishwa kama zologo, na umbo la leo, zydeco, lilienea katika miaka ya 1960 likiandikwa kwa sikio la Kiingereza.

Msomaji atauliza, Kifaransa kilifikaje huko? Louisiana ilikuwa koloni la Ufaransa, kisha ikawa chini ya Hispania, na mwaka 1803 Ufaransa, iliyokuwa imeirudishiwa, ikaiuza kwa Marekani. Wakrioli Weusi, yaani vizazi vya watumwa na vya watu huru wenye asili ya Afrika, waliendelea kusema Kifaransa na Kikrioli mashambani, kwenye mpunga, pamba na miwa. Kisha ikaja katiba ya jimbo ya mwaka 1921, iliyoamuru masomo ya shule za umma yafundishwe kwa Kiingereza. Watoto waliosikika wakisema lugha ya nyumbani waliadhibiwa. Wenzetu waliosoma katika shule za Uganda au Kenya na kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama hawahitaji ufafanuzi.

Lugha iliyofukuzwa darasani ilikimbilia kwenye dansi. Mwaka 1934 Alan Lomax alirekodi huko Louisiana uimbaji uitwao jure, wa makofi na kukanyaga miguu bila ala, na humo maharagwe yale yasiyo na chumvi tayari yanasikika. Dansi za majumbani ziliitwa lala. Bingwa wa kodiani wa wakati ule alikuwa Amédé Ardoin, Mkrioli aliyerekodi mwaka 1929 pamoja na mpiga fidla Mzungu, Dennis McGee. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Ardoin alipokea leso ya mwanamke wa Kizungu ili ajifute jasho, na kwa kosa hilo akapigwa vibaya mno. Alifariki mwaka 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pineville.

Clifton Chenier alizaliwa karibu na Opelousas mwaka 1925. Alikata miwa, kisha akaenda Port Arthur, Texas, kwenye viwanda vya kusafishia mafuta, kama walivyofanya Wakrioli wengi. Kaka yake Cleveland alikuwa mpigaji wa ubao wa kufulia. Zamani ubao huo ulining'inizwa shingoni kwa kamba. Mwaka 1946 Clifton alimchorea fundi wa kuchomea vyuma, Willie Landry, umbo la fulana ya bati lenye mikunjo, linalovaliwa mabegani. Cleveland alilikwaruza kwa opena za chupa. Ala hiyo ya bati leo ndiyo alama ya zaideko popote.

Badiliko la pili ni la kodiani, na hapa ndipo bluzi inapoingia. Ardoin alitumia kodiani ndogo ya vifungo, isiyo na noti zote. Chenier alichukua ile kubwa ya vibao kama vya piano, akaweza kupiga noti zilizopindwa za bluzi alizozisikia mijini. Akaongeza saksafoni, gitaa la umeme na ngoma, akaiita bendi yake Red Hot Louisiana Band. Walicheza katika kumbi za parokia za Kikatoliki, na katika vilabu vya Houston vilivyojaa wahamiaji kutoka mashambani.

Kwa walimu wa lugha, tukio tunalolipenda zaidi ni la miaka ya 1964 na 1965. Chris Strachwitz, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekuwa na kampuni ndogo ya kurekodi, Arhoolie, alitaka Chenier aimbe kwa Kifaransa. Chenier mwenyewe alitaka nyimbo za Kiingereza, kwa sababu ndizo redio zilizopiga. Wakapatana: upande mmoja wa santuri Kifaransa, upande wa pili bluzi. Tunaona si haki kumlaumu Chenier kwa kuitilia shaka lugha yake. Shule ilikuwa imemfundisha kwamba haina soko. Bahati nzuri, upande wa Kifaransa ndio uliompeleka hadi Ulaya. Mwaka 1984 alipata tuzo ya Grammy. Wakati huo kisukari kilikuwa kimekwisha kumdhoofisha, lakini aliendelea kupiga, na alifariki Desemba 1987. Mwanawe, C.J. Chenier, akairithi bendi.

Jimbo liligeuka mapema kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 1968 liliunda baraza la kukuza Kifaransa. Lakini walimu wengi walioletwa walitoka Ufaransa, Ubelgiji na Kanada, na Kifaransa chao hakikuwa kile cha bibi wa mtoto. Bendi nyingi za zaideko sasa huimba Kiingereza zaidi, na Kifaransa hubaki katika viitikio.

Mwaka 2025, Chenier alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, ilitolewa albamu ya kumuenzi. Ndani yake wamo Rolling Stones, wazee wa Kiingereza, na wimbo waliouchagua ni ule wa maharagwe. Mick Jagger anauimba kwa Kifaransa cha Louisiana, na z anaitamka.