Kukopi Si Dhambi, Mabeshte

Nyinyi mnaoanza uhandisi, kabla mufungue simu na bisibisi, angalieni jiko la kwenu hapo Kisauni, lile la bati lenye kiuno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi na mafundi wa jua kali walichukua jiko la ndoo la Thailand wakalichambua. Siri yake: udongo wa ndani unazuia joto kupotea, makaa yanadumu, pesa inabaki. Lakini hawakukopi lote. Udongo wakauweka nusu ya juu tu, jiko likawa jepesi. Kitako wakakipanua, manake ukisonga ugali jiko halifai kuyumba. Hapo ndipo dizaini ilipo. Kama hujui nani atapikia, wewe umekopi tu.