Kugawa faili la PDF bila kulikabidhi kwa mtu usiyemjua

Kila msimu wa maombi ya ajira na vyuo, wasikilizaji wetu hutuuliza swali hilihili. Umekwenda steshenari, vyeti vyote vimeskaniwa, na umerudishiwa faili moja la PDF: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, pamoja na nakala ya kitambulisho cha NIDA. Mfumo wa maombi nao unataka kila cheti kwenye faili lake. Utaligawaje?

Wengi huingia Google na kutumia tovuti ya kwanza inayojitokeza. Kazi huisha upesi, lakini tovuti nyingi za aina hiyo hupeleka faili lako kwenye seva zao, hulikata huko, kisha hukurudishia vipande. Baadhi huahidi kulifuta baada ya muda mfupi, ila wewe huna namna ya kuhakikisha. Alama ya kufuli kwenye kivinjari haitoshi: inaonyesha kwamba faili linasafiri kwa usalama, haisemi linafanywa nini likishafika. Na faili lenye jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA na saini linaweza kumsaidia tapeli kujifanya wewe.

Kivinjari chako kinatosha

Kwenye kompyuta, Chrome, Edge na Firefox hufungua PDF zenyewe, hata bila intaneti. Fanya hivi:

1. Buruta faili hadi kwenye dirisha la kivinjari. Anwani ikianza na neno "file", linasomwa kutoka kwenye kompyuta yako.
2. Bonyeza Ctrl na P kwa pamoja, kana kwamba unataka kuprinti.
3. Mahali pa kuchagua printa, chagua "Save as PDF". Firefox huandika "Save to PDF".
4. Kwenye sehemu ya "Pages", chagua "Custom" na uandike kurasa unazotaka: 3 kwa ukurasa mmoja, 3-5 kwa kurasa zinazofuatana.
5. Hifadhi kwa jina linaloeleweka, kisha rudia kwa cheti kingine. Faili la awali halibadiliki.

Kwenye simu nyingi za Android, fungua faili, tafuta "Print" kwenye menyu, chagua "Save as PDF" na ubakize kurasa unazozihitaji tu.

Ukitaka kutumia tovuti

Zipo tovuti zinazogawa faili ndani ya kivinjari, kwenye kifaa chako, bila kulipeleka popote. Ipime hivi: fungua tovuti, isubiri imalize kufunguka, zima data na Wi-Fi, ndipo uchague faili. Likigawika, kazi imefanyika kwako. Funga ukurasa huo kabla ya kuwasha data tena. Ikikwama, usibahatishe, rudi kwenye njia ya kuprinti.

Mambo ya kuangalia

Hesabu kurasa kuanzia ukurasa wa kwanza wa faili, jalada likiwemo, hata kama namba zilizochapwa zinasema vingine. Hati yenye saini ya kidijitali ipelekwe nzima, kwa sababu ukiigawa saini hiyo haitathibitika tena. Fomu ya kujaza nayo, ikipitia njia ya kuprinti, huwa haijaziki tena.

Kama unatumia kompyuta ya steshenari, kabla ya kuondoka futa mafaili yako kwenye "Downloads" na kwenye "Recycle Bin", kisha ujitoe kwenye barua pepe na WhatsApp. Mwombe mhudumu naye afute nakala aliyoskani.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sheria hizi zinakupa haki juu ya taarifa zako, lakini kufuatilia seva iliyo nchi ya mbali ni kazi ngumu. Ni rahisi zaidi faili lisitoke mikononi mwako.

Kugawa kwenyewe ni kinga pia. Aliyeomba cheti cha chuo mtumie cheti cha chuo. Cha kuzaliwa na kitambulisho vibaki kwako mpaka vitakapohitajika.